Badiri Isiyosomwa

Karafuu kavu zikikaa miaka mingi pamoja na karatasi kuukuu, harufu yake hubadilika. Ule ukali unaokwaruza pua huondoka, kikabaki kitu kitamu na kizito, kama ubani uliozimika jana. Hiyo ndiyo harufu iliyotutokea usoni mwezi uliopita, mimi na Badria, tulipofungua kabati la marehemu baba yake nyumbani kwao Gombani. Ami Salum alikuwa amezikwa, hitima imesomwa (mwenyewe asingeitaka, lakini maiti hana kauli), na sisi wawili tulibakiwa na kazi ya kutoa nguo zake tuzigawe sadaka. Nyuma ya kanzu, kwenye rafu ya juu kabisa, palikuwa na kitu kimefungwa kitambaa cha kijani kilichopauka. Badria alikishusha kwa mikono miwili. Mimi nilikaa kitako sakafuni.

"Unakijua?" akaniuliza.

Nilikijua kabla yeye hajazaliwa. Nilikuwapo siku aliyozaliwa, siku ambayo kitabu hicho nusura kimgharimu baba yake heshima yake yote pale kijijini. Nikamwambia akae, nimhadithie. Nanyi nawahadithia kama nilivyomhadithia yeye.

Kwetu ni Kengeja. Nilikuwa mtoto wa chuoni, sijafika umri wa kuvaa baibui, nikilelewa na bibi yangu mzaa mama, Bi Siti. Chuo chetu cha Kurani kilikuwa barazani kwa Shehe Shaame. Watu walikuwa wakija kutoka Mkoani, Chake na hata Unguja kumwomba dua, na wengine walivua viatu wakiwa bado barabarani. Sisi watoto tulimwogopa kidogo na tulimpenda sana, maana hakuwahi kutupiga. Akikasirika alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliuma kuliko bakora za walimu wengine wote.

Kila alfajiri tulimkuta pale pale, ameshasali, hajaondoka kwenye msala, anasoma nyiradi zake. Nyiradi ni dua za kila siku, zenye mpangilio wake, na mwenye kuzishika haziachi hata akiumwa. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama nyuki walio mbali. Tulikaa mkekani tukimngojea amalize, matumbo yanalia, harufu ya mandazi inatoka nyumba ya pili na kututesa. Kulikuwa na mahali katika kisomo chake ambapo alisimama kila siku. Alirudia maneno yale yale, mara nyingine mpaka machozi yakamtiririka kwenye ndevu, kisha akaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Hakutia kidole ulimini kufunua ukurasa. Aliunyanyua kwa kiganja kizima, polepole, kama mtu anayefunua shuka ya mtoto aliyelala.

Vitabu vyake vilikaa katika shubaka la ukutani, kila kimoja na kitambaa chake, na kati yake zimewekwa karafuu kufukuza nondo. Kulikuwa na msahafu, kulikuwa na maulidi na vitabu vya ratibu. Lakini kile cha nyiradi kilikuwa pekee. Kiliandikwa kwa mkono na mwalimu wake, kwa wino mweusi na mwekundu, kikajalidiwa kwa ngozi ya mbuzi. Mwalimu yule alimkabidhi siku chache kabla ya kufa. Shehe hakukiazima kwa mtu. Hata Maalim Hamad, mwadhini wetu na mwanafunzi wake wa zamani kuliko wote, aliruhusiwa kukishika kikiwa kimefungwa tu.

Bibi yangu alikuwa na khidma yake katika nyumba ile: alikuwa akifua vile vitambaa. Kila vilipochafuka aliitwa, akavichukua, akavifua kwa maji yaliyotiwa mawaridi na kuvianika peke yao, mbali na nguo zetu, asipite kuku. Kazi hiyo hakulipwa na asingekubali kulipwa. Wanawake wenzake walikuwa na pete na mikufu, yeye alikuwa mfua vitambaa vya Shehe Shaame, na alitembea hivyo.

Sasa nije kwa Ami Salum. Alikuwa mume wa khaloo Mize, mdogo wake mama. Kijana mrefu, msafi, mwenye kusema kweli hata pale isipoulizwa. Alisoma ng'ambo akarudi na sanduku la vitabu vipya vyenye majalada ya kung'aa, na pamoja navyo akarudi na rai zake. Kwake nyiradi zile ni uzushi, na makombe ya kunywa, hirizi na kumwomba shehe dua ni vitu visivyoingia nyumbani mwake. Jioni moja walibishana yeye na Maalim Hamad nje ya msikiti. Tulikuwa tumekaa ukutani tunakula ubuyu.

"Vitabu vyenu hivyo," alisema Ami Salum, "siku moja vitachakaa, mvizike kama mnavyozika kurasa kuukuu. Na siku hiyo miye nitakuja na jembe langu."

"Wewe?" Maalim Hamad akacheka kwa pua. "Jembe utalijulia wapi wewe? Kalamu yenyewe unaishika kama kijiko."

Watu wakacheka, na Ami Salum akacheka pia. Lakini neno lile la jembe halikuanguka chini. Maalim Hamad aliliokota akaliweka.

Khaloo Mize alikuwa mjamzito. Mimba mbili za mwanzo zilimtoka, ya pili ikiwa imeshakuwa kubwa, na hii ya tatu ilipokaribia, mkunga alimwamuru alale, asinyanyuke ila kwa haja. Ami Salum akahamishia mkeka wake ukumbini ili mkewe apate kitanda peke yake. Alimpikia uji mwenyewe, jambo lililosimuliwa kisimani kwa wiki nzima. Lakini khaloo alikuwa halali. Nilipelekwa kulala naye nimchungie, nikawa nasikia usiku kucha anavyojigeuza na kulia ndani ya mto ili mumewe asisikie.

Siku moja Shehe Shaame akasafiri kwenda Wesha kwa hitima ya jamaa yake. Alisema atarudi baada ya Ijumaa. Akabeba kitabu chake kidogo cha safarini, chenye nyiradi fupi tu, na kumwachia bibi vitambaa vya kufua. Mimi ndiye niliyekwenda na bibi kuvichukua. Nilimwona amesimama mbele ya shubaka muda mrefu, midomo inacheza. Kisha akachukua vitambaa. Tulipokuwa tukirudi niliona mkono wake mmoja hautoki ndani ya baibui, na alikuwa akitembea kama aliyebeba mayai. Hatukwenda nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa khaloo, na kwa vile Ami Salum alikuwa shuleni anasomesha, bibi aliinua mto akaweka chini yake kile kitabu cha nyiradi, kimefungwa kitambaa chake cha kijani. Akanitazama.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, bibi."

"Vizuri."

Huwezi kumwelewa bibi yangu kama huelewi kwamba kwake huo haukuwa wizi. Alikuwa akikopa baraka kwa siku chache, mwenyewe hayupo na hana haja nayo, kisha angeirudisha mahali pake imefungwa kitambaa kinachonukia. Kuomba hakuweza. Shehe angemwuliza kwanza, "Mume ameridhia?" maana alikuwa mkali juu ya nyumba za watu. Na mume asingeridhia mpaka Kiyama.

Usiku ule khaloo Mize alilala. Alilala mpaka adhana, mdomo wazi, anakoroma. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Hesabu ya bibi ilikuwa nzuri isipokuwa kitu kimoja: Shehe alirudi mapema. Alipata gari siku ya Jumanne, akateremka barabarani na kikapu chake, akasali Magharibi pamoja nasi. Alfajiri ya Jumatano tulipofika chuoni, tulimkuta amesimama mbele ya shubaka, anapapasa. Alivitoa vitabu vyote, akavirudisha, akapapasa tena nyuma kabisa kwenye vumbi. Alipoona tunamtazama alitabasamu.

"Kitabu changu kimekwenda matembezi," alisema.

Akakaa kwenye msala akaanza kusoma kwa moyo. Mwanzoni alikwenda vizuri. Halafu akafika mahali akasimama, tukadhani ni pale anapolia siku zote. Hapakuwa pale. Alirudi nyuma, akaanza upya, akasimama tena. Nilikuwa sijawahi kumwona Shehe Shaame akikosa neno.

Maalim Hamad hakutabasamu. Habari ilimfikia kabla ya chai, na kufikia adhuhuri kijiji kizima kilikuwa na jawabu: nani alisema atakuja na jembe? Baada ya Magharibi alisimama mbele ya safu akatangaza kwamba kitabu cha Shehe kimeibiwa, aliyekichukua akirudishe, na kama hakirudi, Ijumaa baada ya Alasiri itasomwa Badiri.

Nyinyi wenye asili ya pwani mnajua neno hilo linavyoingia mwilini. Kwa asiyejua: husomwa majina ya watu wa vita vya Badri, mmoja mmoja, kumshitakia Mungu mdhalimu asiyejulikana. Kwetu Badiri haikuwa mchezo. Kila nyumba ilikuwa na kisa chake, na katika kila kisa mwizi alivimba tumbo mpaka ngozi ikang'aa, akafa akiungama. Na wakubwa walikuwa wakisema jambo moja lililonizuia kula: Badiri haimwulizi mtu amekipataje kitu, humkuta anacho.

Jioni hiyo hiyo nilimkuta khaloo Mize anapakwa mafuta ya nazi. Tumbo lake lilikuwa kubwa, limekaza, linang'aa kwa mwanga wa taa. Nikatoka nje mbio.

Ami Salum, yeye, alichukua mambo kwa kiburi cha mtu asiye na hatia. Maalim Hamad alipokutana naye dukani, mbele ya watu, alimwuliza, "Jembe lako liko wapi siku hizi, Salum?"

"Liko nyumbani. Njoo ulitazame."

"Tutasoma Badiri, ujue."

"Someni. Miye siiamini Badiri yenu, lakini nitakuja nikae mstari wa mbele mnione vizuri. Na kitabu hicho kikionekana kwangu, mnikate mkono."

Alisema hivyo! Na kitabu kilikuwa chini ya mto wa mkewe, ukuta mmoja tu kutoka pale alipotandika mkeka wake. Usiku huo mawe yaliangushwa juu ya bati la nyumba yao. Khaloo aliruka, akashika tumbo.

Alhamisi asubuhi bibi alikuja kukichukua. Ami Salum alikuwa ametoka. Nilikuwa mlangoni nikichambua mchele, na nilisikia kila kitu.

"Mize, mwanangu, nipe nikirudishe. Nitakitupia hata barazani kwake, wakiokote."

"Sikupi."

"Mize!"

"Mama, sikupi. Wale wawili niliwangojea bila kitu kichwani. Huyu simngojei hivyo."

"Mumeo ataumbuka. Kikionekana humu, nani ataamini kwamba hakujua? Na mimi je? Watasema Bi Siti mfua vitambaa kumbe mwizi."

"Basi nenda kamwambie Shehe ulichofanya."

Bibi alishika pindo la kanga yake.

"Siwezi," alisema baadaye, kwa sauti ambayo sikuijua.

"Hata miye siwezi. Wewe ndiye uliyenambia kina baraka. Leo baraka, kesho balaa? Chagua moja, mama."

Bibi alikuwa na methali yake aliyoipenda kuliko zote, akiwaambia wagonjwa, wenye madeni na wasichana wenye siri: mficha uchi hazai. Alipotoka mlangoni pale, kanga ameiuma kwa meno asilie, nilitamani kumkumbusha. Niliogopa kiganja chake. Mwanawe alikuwa ndani, amelalia siri, amebakiwa na siku chache kuzaa, na methali ilikuwa imesimama baina yao kama mtu wa tatu.

Niliwaza siku nzima kwa akili ya mtoto. Nikisema, bibi ameaibika na Ami Salum amekatwa mkono, maana nilidhani kweli watamkata. Nikinyamaza, Badiri itasomwa, na khaloo atavimba apasuke, yeye na mtoto wake. Baada ya Alasiri nilijikuta nimesimama barazani kwa Shehe. Alikuwa peke yake na tasbihi yake, midomo inatafuta yale maneno yaliyompotea.

"Shehe."

"Naam, mwanangu."

"Badiri inamkamata aliyechukua, au inamkamata anayekilalia?"

Tasbihi ilisimama. Sijui kama nilitambua nilichosema. Nilipofungua kinywa niendelee, Shehe alinyanyua kiganja mbele ya uso wangu, kama mtu anayekinga jua.

"Usinitajie mtu," alisema. "Jina likishaingia sikioni halitoki. Nikiulizwa kesho mbele ya watu, nitasema kweli. Kwa hivyo usiniambie."

Nikakaa kwenye ukingo wa baraza.

"Nakuuliza moja tu. Huyo anayekilalia, analala?"

"Mwanzo alikuwa halali, Shehe. Akilia usiku. Sasa analala mpaka adhana."

Alitikisa kichwa polepole, punje moja ya tasbihi ikapita, na ya pili.

"Alhamdulillahi," alisema. "Haya nenda, bibi yako asikutafute."

Basi. Hakuniambia kama ataisoma au hataisoma. Nilirudi na hofu ile ile niliyokwenda nayo, na juu yake nimeongeza hofu ya kuwa nimesema.

Ijumaa ilikuwa na joto la kukaba. Baada ya Alasiri watu hawakutoka msikitini, na wengine walizidi kuja hata wakajaa nje. Uchungu wa khaloo ulianza wakati huo huo. Mkunga alifunga mlango, na bibi alitoka mara moja tu, uso umemvuja jasho, akanishika bega.

"Kimbia msikitini kamwite Salum. Mwambie mkewe anamtaka. Mtoto amekaa vibaya, huenda ikabidi gari ya kwenda Mkoani. Kimbia!"

Nilikimbia. Mlangoni nilisukumana na miguu ya wanaume mpaka nikaona ndani. Moshi wa udi ulikuwa umejaa kama ukungu. Shehe Shaame alikuwa ameketi kiblani, mbele yake kitabu cha Badiri kiko wazi juu ya mto. Maalim Hamad alikuwa ubavuni mwake. Na Ami Salum, kama alivyoahidi, alikuwa mstari wa mbele kabisa, mgongo umenyooka, peke yake. Watu walikuwa wamemwachia nafasi kila upande kama mwenye ukoma.

"Ami Salum," niliita. Sauti ilitoka ndogo. Nikaita tena, kwa kelele. "Khaloo anakutaka! Mtoto amekaa vibaya!"

Vichwa vyote viligeuka. Ami Salum aliinuka nusu.

"Kaa," alisema Maalim Hamad.

"Mke wangu—"

"Wanawake wanazaa kila siku. Badiri inaanza, na wewe unapata udhuru. Akitoka huyu, jamaa, amekwisha kujibu."

Watu walinguruma. Kijana mmoja aliyekuwa karibu na mlango alinyosha mguu kuziba njia. Ami Salum alibaki vile, si amekaa si amesimama. Alimtazama Shehe. Hakumwomba kitu. Alimtazama tu.

Shehe Shaame alikifunga kitabu cha Badiri.

Alikifunga kwa kiganja kizima, polepole, na ule ungurumaji ukafa.

"Badiri husomwa juu ya mwizi," alisema. "Mimi Shaame, nina akili zangu timamu, nakitoa kitabu changu cha nyiradi, nilichopewa na mwalimu wangu. Nakitoa kwa yule aliyenacho sasa hivi, popote alipo. Ni chake, halali yake, na nyote ni mashahidi. Kwa hivyo hapana kilichoibiwa, na hapana mwizi. Tukisoma, tutakuwa tunajisomea wenyewe."

"Shehe!" Maalim Hamad alikuwa karibu kulia. "Kitabu cha marehemu mwalimu wako!"

"Ni changu, Hamad, si chako. Kama nawe una chako unataka kukitoa, kitoe." Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Yule mwenye mguu pale mlangoni, ukunje. Salum, nenda kwa mkeo."

Ami Salum alinipita mbio hata kofia ikaanguka. Niliiokota.

Badria alizaliwa kabla ya Magharibi, gari ikiwa imeshaletwa imesimama nje, injini inanguruma. Alitoka wa buluu kidogo, akapigwa kofi, akalia. Mkunga alisema ni mikono yake. Bibi alisema ni kitabu. Ami Salum alisema ni Mwenyezi Mungu, na hapo hapakuwa na wa kumbishia. Jina la Badria kijiji ndicho kilichompa, kwa mzaha kwanza, na baba yake akalikubali.

Ami Salum alipoinua mto ili shuka zibadilishwe ndipo alipokiona. Nilikuwapo. Alikitambua kwa kitambaa. Alimtazama khaloo, akamtazama bibi, ambaye alikuwa ameshika ukuta. Tulingoja apasuke kwa hasira. Alikaa pembeni ya kitanda, kitabu mapajani, na kitu alichosema ni hiki: "Kumbe ningekatwa mkono kweli."

Khaloo Mize akaanza kucheka, akalia, akacheka tena, na mkunga akamwambia atulie, asije akafumua kazi ya watu.

Asubuhi yake Ami Salum alikwenda nacho kwa Shehe, mimi nikiwa nyuma yake. Bibi naye alitufuata kwa mbali akaishia kwenye kona ya ukuta.

"Shehe, kitabu chako hiki."

"Changu sina. Nimekitoa mbele ya watu."

"Mimi sikitaki. Unajua rai yangu."

"Mpe anayekitaka."

"Anayekitaka ni wewe!"

"Nami siwezi kurudia nilichotoa. Kurudia hiba ni kama kurudia matapishi, na hilo hata vitabu vyako vipya vinalisema."

Ami Salum alisimama pale, amekamatwa na elimu yake mwenyewe. Shehe alimwachia asimame. Kisha akamwuliza, "Macho yako yanaona vizuri?"

"Yanaona."

"Yangu yameanza kuchoka. Na moyo nao unasahau, umekuwa ukinitupa tangu Jumatano. Ukipita hapa alfajiri ukenda shuleni, ukanisomea kidogo, nitakushukuru."

"Shehe, mimi siyaamini yote yaliyomo."

"Sijakuuliza unaamini nini. Nimekuuliza kama unaona."

Hivyo ndivyo tulivyoishi na ajabu ile mpaka Shehe Shaame akafariki: alfajiri, Ami Salum na kanzu yake iliyopigwa pasi, amekaa mkekani anamsomea mzee nyiradi ambazo mchana angekwambia ni uzushi. Mara nyingine walisimama wakabishana juu ya neno. Walipofika pale mahali pa machozi, Ami Salum alinyamaza mwenyewe, akangoja mzee amalize kulia, kisha akaendelea. Maalim Hamad alichukua miezi kabla ya kumwamkia, lakini mwishowe alimwamkia. Bibi aliendelea kufua vitambaa. Hakuna aliyemwuliza, na Shehe alipomkabidhi vilivyochafuka alimwambia maneno yale yale ya siku zote: "Ahsante, Bi Siti, Mungu akulipe." Bibi aliniambia, karibu na mwisho wake, kwamba angependa kutukanwa kuliko maneno hayo.

Utotoni niliamini kwamba Shehe Shaame aliishinda Badiri siku ile, na nilijivuna, nikidhani ni mimi niliyemwonyesha njia. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoyaona mengine. Niliona kwamba hakuikataza Badiri mapema kwa sababu mawe yalikuwa yameshaanza, na watu wakingoja kisomo, huacha kuokota mawe. Niliona kwamba hakutaka jina ili nisiwe nimemsema bibi yangu, wala siku hiyo wala uzeeni mwangu. Na niliona alichotoa. Mtu aliyekuwa hana kitu kingine, aliyeanza kusahau, alitoa mbele ya watu kumbukumbu yake yote, bila kujua kama itarudi kwa mlango wowote.

Badria alikifungua pale sakafuni. Kwenye pembe ya chini ya kila ukurasa kulikuwa na alama mbili: weupe mpana, laini, mahali kiganja kilipopita miaka na miaka, na juu yake doa dogo jeusi la kidole kilicholowanishwa ulimini. Baba yake alikuwa na tabia hiyo, na Shehe hakumkataza.

"Sasa kitakuwa cha nani?" aliuliza Badria.

Nilichukua kitambaa cha kijani nikaanza kukikunja. Kazi yangu ya kila siku ya uandishi wa habari, kwa miaka sasa, ni kuwauliza watu: nani, lini, wapi, kwa nini. Nimewauliza wakubwa na wadogo, na wengi nimewabana mpaka wakasema. Shehe Shaame alikuwa na haki ya kuniuliza yote hayo jioni ile barazani, na nilikuwa tayari kuyajibu yote. Aliyekuwa ameibiwa alikuwa yeye. Aliuliza moja tu: kama anayekilalia analala.